Meno ya Wimbi la Mraba

Tena, Nairobi
11 Mei 2025

Kwa Nyawira, mwalimu wetu wa mbali,

Hujambo, mama? Huku mtaani Tena sisi sote ni wazima, isipokuwa mfereji wa maji ambao umekuwa mgonjwa tangu Jumatatu. Tiffany amenipita kwa urefu, siku hizi akiniomba ruhusa ananiinamia. Kibanda cha chapati cha anti yako Lydiah kimepata mabati mapya na wateja wanapanga foleni kabla hajawasha jiko. Angekutumia salamu kama angejua kwamba nakuandikia. Hajui, na hiyo nitaifikia.

Utajiuliza kwa nini mjomba wako ameshika kalamu kama karani wa zamani. Simu yako inashika mtandao ukipanda kile kilima chenu tu. Simu yangu nayo ni ya nyumba nzima: Tiffany anasomea humo, Lydiah anapokea maagizo humo, na ujumbe ukiingia unasomwa kwa sauti na yeyote aliye karibu. Tena kuna vitu nataka unichoree, na vya kuchora vinataka karatasi. Barua hii nimempa dereva wa basi la Marsabit pale Eastleigh. Ukijibu, mpe huyo huyo, nami nitapitia ofisi yao kila Jumamosi.

Sasa jambo lenyewe. Kiwanda cha sabuni kimepata meneja mpya. Ametubandikia tangazo kwamba kila fundi wa stima alete cheti cha gredi cha serikali kabla ya mwisho wa mwaka. Asiye nacho atarudi kwa vibarua wa kupakia lori. Mimi nilianzia kwa hao vibarua, Nyawira, miaka ishirini na miwili iliyopita, na mgongo wangu bado unakumbuka kila katoni. Nimetengeneza mashine zote za pale kwa mikono na masikio. Lakini cheti sina.

Mtihani ni tarehe 12 Agosti. Sehemu ya mikono hainitishi. Sehemu ya karatasi ina mambo ya sifuri na moja, mageti, na michoro ya mawimbi. Nilinunua kitabu pale mjini, nikakifungua, kikanitazama, nikakifunga. Wewe unafundisha fizikia. Ulisomea mezani kwangu hapa hapa ukitafuna karanga zangu. Nifundishe kwa barua, polepole, kama unavyofundisha mtoto mzito wa kuelewa.

Ombi moja: Lydiah asijue. Kuna sababu, ila leo siiandiki.

Ni mimi mwanafunzi wako mwenye mvi,
Gachanja

*

Kaskazini ya Marsabit
25 Mei 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia baada ya siku tisa, ikinuka dizeli. Niliisoma nikiwa nimeketi kwenye ndoo nje ya darasa, nikacheka mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Mimi ni mzima. Upepo wa huku unapiga milango mchana kutwa, na maabara yetu mpya ina kuta tatu, ya nne tunaiombea. Msalimie Tiffany, umwambie aache kukua.

Tuanze. Stima ya nyumbani kwako inapanda na kushuka taratibu, kama gari linavyopita juu ya tuta la barabarani: hakuna kona mahali popote. Muda wa kupanda, kushuka na kurudi ulipoanzia unaitwa kipindi. Gawa sekunde moja kwa kipindi, utapata frikwensi, yaani ni mara ngapi jambo hilo linajirudia kwa sekunde. Ule urefu kutoka katikati mpaka kileleni unaitwa kimo.

Wimbi la mraba ni jingine kabisa. Hilo lina sehemu mbili tu, chini na juu, kama ghorofa yenu ingekuwa na sakafu mbili bila ngazi. Chini ni volti sifuri, tunaiita sifuri. Juu ni volti tano, tunaiita moja. Kompyuta zote, na kihesabu cha mashine yenu ya sabuni, vinazungumza hayo maneno mawili peke yake.

Mageti ndiyo yanayoamua. Geti ya NA, ambayo kwenye mtihani utaiona kama AND, inatoa moja ikiwa tu milango yake yote miwili imepata moja. Geti ya AU, yaani OR, inatosheka na mmoja. Geti ya SIYO, NOT, ni mbishi: ukimpa moja anakurudishia sifuri.

Kazi ya nyumbani. Nipe mfano mmoja wa kila geti kutoka kazini au nyumbani. Wimbi lina kipindi cha milisekunde ishirini, frikwensi yake ni ngapi? Mwisho, chora wimbi linalotoka kwenye kitufe kinachobonyezwa mara moja.

Na sasa swali langu. Anti Lydiah ndiye aliyekaa na mimi kila jioni nikishindwa na hesabu, akikanda unga huku akiniuliza majedwali. Kwa nini unamficha mtu kama huyo?

Wako,
Nyawira

*

Tena, Nairobi
15 Juni 2025

Mwalimu Nyawira,

Natumaini ukuta wa nne umesimama. Hapa maji yamerudi, yakaja na rangi ya chai. Lydiah amenunua sufuria kubwa mpaka inanibidi nipite mlangoni kwa ubavu.

Nimesoma barua yako kwenye choo cha kiwanda, mahali pekee ambapo hakuna anayeniita. Majibu ni haya.

Geti ya NA: mashine ya kukata sabuni haishuki mpaka fundi abonyeze vitufe viwili, kimoja kwa kila mkono. Iliwekwa hivyo ili mtu asiache mkono chini ya kisu. Nimeirekebisha hiyo kitu mara mia na sikujua ina jina. Nilipoelewa nilisimama mbele ya mashine nikatabasamu, na Sydney, yule kijana mwenye diploma, akaniuliza, "Mzee, uko fiti kweli?"

Geti ya AU: kengele ya ploti yetu. Ukibonyeza ya chini getini au ya mlangoni, Tiffany anasema hasikii zote mbili, lakini inalia. Geti ya SIYO: pampu ya tangi la juu. Maji yakijaa, pampu inazima. Yakiisha, inawaka.

Frikwensi ni hamsini. Hiyo niliipata bila kutumia vidole.

Wimbi la kitufe nimelichora kwenye karatasi ya pili. Usishangae kuona meno pale linapopanda. Sydney ana kile kifaa chenye kioo kinachoonyesha mawimbi, nikamwomba nikitazame wakati wa chakula, nikabonyeza kitufe, na nimekuchorea nilichoona. Hata bila kioo ningekwambia, kwa sababu ukiweka sikio karibu na swichi nzee utasikia haigongi mara moja. Inagonga tatu, nne, ndiyo itulie.

Nipe alama zangu na usinionee huruma.

Gachanja

*

Kaskazini ya Marsabit
6 Julai 2025

Mjomba,

Ukuta umefika kiunoni. Nimefurahi kwa majibu yako kuliko ninavyoweza kuandika. Ule mfano wa mikono miwili niliupeleka darasani, na wasichana wa kidato cha nne wakasimama wakipiga makofi kwa mikono yote miwili kuonyesha wameelewa. Sasa huku unajulikana. Unaitwa Mjomba wa Sabuni.

Karatasi yako nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu na nairudisha pamoja na barua hii. Umepata tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya meno. Wimbi la kitufe linapanda wima kama ukuta, kisha linakaa juu. Kitabu kinasema hivyo, mtihani utasema hivyo, na mwalimu wako anasema hivyo. Chora wima.

Somo la leo ni fupi lakini watu wengi wanaangukia hapo. Chipu, kile kidude cheusi cha ndani ya kompyuta, ina miguu mingi. Mguu wa kupokea ambao hujauunganisha popote, unadhani unasoma nini? Wanafunzi wangu wote walisema sifuri. Sivyo. Mguu ulioachwa hewani hauna jibu. Ukipitisha kidole karibu unabadilika, redio ikilia chumba cha pili unabadilika. Mashine inafanya vituko na fundi anatafuta ubovu siku nzima mahali pasipo na ubovu. Dawa yake ni rizista ndogo, ile ya kupunguza stima: ufunge mguu huo kwa sifuri au uufunge kwa tano, lakini uufunge.

Nilikuuliza swali mwezi wa tano, nikapata barua nzuri yenye kila kitu isipokuwa jibu. Naona nyumba yako ina mguu mmoja uko hewani, mjomba. Anti atakuwa ameanza kuona unarudi na karatasi mfukoni. Mwambie ndiyo au mwambie hapana, lakini mwambie.

Nyawira

*

Tena, Nairobi
27 Julai 2025

Nyawira,

Wote wazima. Leo sina maneno mengi, nina aibu.

Karatasi yako nyekundu imepotea. Niliificha mahali nilipoona ni salama kuliko benki: katikati ya magazeti ya zamani chini ya kiti cha sebuleni, ambayo hakuna mtu ameyagusa tangu tuhamie ploti hii. Alhamisi nimetia mkono, kiti kiko, magazeti hayapo hata moja. Siwezi kumuuliza mtu bila kueleza natafuta nini.

Mtihani ni wiki mbili zijazo. Nitachora wima kama ulivyosema, ingawa mkono wangu hautaki. Mguu wa hewani nimeuelewa vizuri sana. Swali lako nitalijibu nikipata nafasi.

Niombee.

Gachanja

*

Kaskazini ya Marsabit
9 Agosti 2025

Mjomba mpendwa,

Pengine barua hii itachelewa kukufikia, lakini ni lazima niiandike leo, nisije nikalala na deni la mwalimu.

Wenzangu wamekwenda likizo, mimi nimebaki kusimamia maabara. Ukuta wa nne umekwisha, paa liko, na jana vilifika vifaa vyetu vya kwanza: kitufe, chipu ya kuhesabu, na taa za namba. Niliwaita wasichana wanaoishi karibu na shule, nikaunganisha kila kitu wima na safi kama kitabu kinavyotaka. Nikamwambia mmoja, bonyeza mara moja. Akabonyeza. Taa ikaonyesha tatu. Akabonyeza tena, ikaonyesha saba. Wakacheka, nami nikasimama pale kama aliyemwagiwa maji, kwa sababu nilikumbuka ule mchoro wako.

Ni meno, mjomba. Kipande cha chuma ndani ya kitufe kinadunda kabla hakijatulia, na chipu inahesabu kila kudunda. Wewe uliyaona, ukayasikia, ukayachora, nami nikakukata alama kwa kusema ukweli. Wimbi la wima ni la kitabuni. Lako ndilo lililoko duniani.

Nakurudishia alama yako. Samahani.

Anti nimsalimie? Ah, hajui tunaandikiana. Basi msalimie Tiffany. Vaa shati jeupe siku hiyo, linakupendeza.

Mwanafunzi wako kwa leo,
Nyawira

*

Tena, Nairobi
24 Agosti 2025

Nyawira mwanangu,

Barua yako ya tarehe tisa nimeichukua Eastleigh Jumamosi ya jana, siku kumi na moja baada ya mtihani. Nimeisoma nimesimama katikati ya vifurushi, na mhudumu akaniuliza kama nimefiwa, kwa vile nilikuwa nafuta macho. Nikamwambia nimerudishiwa alama.

Wacha nikuandikie siku yenyewe, maana ina mambo mawili.

Asubuhi ya mtihani niliamka nikitaka kutoka kama siku ya kawaida ya kazi, nibadilishe nguo kwa rafiki. Nikakuta shati langu jeupe limepigwa pasi, liko kwenye kiti, na juu yake kalamu mbili na chapati mbili ndani ya mfuko. Lydiah alikuwa anafunga leso, hanitazami. Nikaona nikitoka hivyo hivyo sitaweza hata kuandika jina langu. Nikamwambia, "Mama Tiffany, mimi naenda mtihani wa gredi. Sina cheti. Sijawahi kuwa nacho."

Akasema, "Najua. Tisa kwa kumi."

Akatoa karatasi yako kwenye mfuko wa aproni. Ina duara la mafuta katikati. Yale magazeti yangu, Nyawira, aliyachukua ya kufungia chapati. Karatasi yako ilimfikia Khavere, yule fundi wa nguo wa pale kona, ambaye husoma chochote kilichofunga chakula chake. Akairudisha kibandani mbele ya foleni nzima: "Mama Tiffany, hii si ya kufunga chapo. Hii ni homework ya mzee wako, jina lake liko hapa juu, na amejaribu."

Sasa nikwambie sababu niliyokataa kuiandika. Siku ya ruracio, nilipopeleka mahari, wazee wa kwao waliniuliza nina kazi gani. Nilikuwa kibarua wa kupakia. Nikasema mimi ni fundi wa stima, nina cheti. Baba yake akanipa binti yake. Baadaye nikawa fundi kweli, lakini cheti kilibaki kuwa uongo, na kila mwaka nikaona umechelewa zaidi kuutoa. Niliogopa Lydiah ajue kwamba aliolewa kwa karatasi ambayo haikuwapo.

Nikamweleza hayo yote nimeshika shati. Akacheka mpaka akakaa. Kumbe baba yake alijua siku ile ile. Aliniuliza mwalimu wangu wa ufundi ni nani, nami kwa woga nikataja jina la mhubiri wa redio. Waliporudi ndani mzee akawaambia wenzake, "Mtu anayedanganya vibaya namna hii hatamsumbua binti yangu." Miaka ishirini, Nyawira. Nimebeba katoni ambayo ndani haina kitu. Nilimkasirikia kidogo kwa kuninyamazia, kisha nikakumbuka nani alianza.

Jambo la pili ni mtihani. Kwenye karatasi nilichora wima, kama mwanafunzi mtiifu. Kwa vitendo tulipewa ubao wenye kitufe na kihesabu, tukaambiwa kinahesabu vibaya, tukitengeneze. Ukibonyeza mara moja, kinaonyesha tatu. Wenzangu wakabadilisha chipu, wakaweka nyingine, bado tatu. Mimi niliinama nikaweka sikio karibu na kitufe. Nikaomba kapasita ndogo, kile kidude kinachohifadhi stima kidogo, na rizista, nikazifunga pale kwenye kitufe. Nikabonyeza. Moja. Nikabonyeza. Mbili.

Msimamizi akaniuliza nimejuaje. Nikamwomba kalamu, nikamchorea meno yangu, nikamweleza kwamba kapasita inayalainisha kabla hayajafika kwa chipu. Alitazama mchoro kwa muda. Matokeo ni Oktoba.

Nina swali moja, mwalimu. Kila barua uliniuliza kama nimemwambia Lydiah. Hii ya mwisho hukuuliza. Tena ukajua kuhusu shati jeupe.

Gachanja

*

Kaskazini ya Marsabit
7 Septemba 2025

Mjomba,

Shule imefunguliwa, maabara imejaa, kitufe chetu sasa kina kapasita na kinaitwa jina lako.

Kuhusu swali lako. Siku ya mwisho ya Julai nilipanda kilima kumpigia mkandarasi, na simu ya anti ikaingia. Alipiga kwa simu ya Khavere. Alinisomea karatasi nzima, akaniuliza hayo meno ni nini, na kama tisa ni nzuri. Nikamwambia ni nzuri sana, nikamtajia na siku ya mtihani, naye akasema atakupigia pasi shati jeupe. Kisha akasema nisikuandikie kwamba anajua. Alitaka usikie ulimi wako mwenyewe ukisema. Nilitii, kwa sababu unajua yeye akikanda unga hakuna anayebishana naye.

Kwa hiyo sote watatu tulikuwa miguu ya hewani. Nisamehe. Niandikie siku matokeo yakitoka, hata kama ni mabaya, hasa kama ni mabaya.

Nyawira

*

Tena, Nairobi
19 Oktoba 2025

Nyawira wangu,

Maji yapo, yana rangi ya maji. Tiffany ameacha kukua kwa muda. Lydiah anakusalimu, safari hii kwa idhini yake mwenyewe, na anasema Desemba usilete kitu, ulete njaa.

Nimepita. Karatasi nimepita kwa kukwaruza ukuta, nisikudanganye. Kwa vitendo nimepata juu kuliko wote tuliofanya siku ile. Jumatatu nilikipeleka cheti kwa meneja, akakigeuza huku na huku, akakitia kwenye faili na kusema, "Haya, fundi." Nimeitwa fundi miaka mingi pale, na siku hiyo nilitamani niombe alirudie hilo neno. Sydney ameniomba nimfundishe kusikiliza swichi. Tunaanza kesho wakati wa chakula.

Cheti chenyewe kitakaa kwenye faili ya ofisi. Lydiah alitaka kitu cha kutundika sebuleni, kwa hiyo alikwenda kwa fundi wa fremu pale Umoja na ile karatasi yako. Iko ukutani juu ya televisheni, na duara lake la mafuta. Wageni wakiuliza, anawaonyesha meno kwa kidole na kuwaeleza yametoka wapi, kisha anawaeleza kapasita, na anaeleza sawasawa.

Kabla kioo hakijawekwa nilimwomba fundi anisubiri kidogo. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata ile tisa, nikaandika kumi, na Lydiah akatia sahihi pembeni kama shahidi.

Mjomba wako,
Gachanja, fundi